Mikono Yetu Ilivuta Nyuma

Mikono yetu ilivuta nyuma yote kwa pamoja, na hapakuwa na ndege. Makapteni hamsini na kitu, watu wazima wenye mvi, tumekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa klabu ya wazee wanaoviringisha mipira kwenye nyasi, pale Townsville, na kila mmoja mkono wake wa kulia ukaruka kutoka pajani ukavuta hewa. Mmoja alimwaga bia. Mwingine aligonga goti la jirani yake. Juu, mapangaboi yaliendelea kuzunguka.

Aliyetufanya vile alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, na aliyekuwa akiongea wakati ule nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumanne ya Februari, saa tisa mchana, joto la kukamua shati. Chama cha marubani kilikuwa kimetuita tupige kura. Miezi ishirini na miwili viongozi wetu walikaa mezani na kampuni, na siku ile wakaja na karatasi. Nyongeza ya asilimia tatu kila mwaka, miaka minne. Na sisi tuachie kitu kimoja tu: haki ya kukataa kuongezewa zamu. Mpaka siku ile, saa zako zikikaribia kwisha na kampuni ikakuomba safari ya ziada, ulikuwa na ruhusa ya kusema hapana bila kueleza. Tukikubali karatasi, ombi lingegeuka amri. Ukiwa umechoka hoi sheria bado ingekulinda. Ukiwa na mambo yako ya nyumbani, shauri yako.

Mwenyekiti wetu, Kapteni Garth Pellow, alisimama jukwaani na suruali yake ya pasi kali. "Ndugu zangu, hii ndiyo bora tuliyoweza kuipata."

"Bora kwa nani?" Costa Vlahos alipaza sauti kutoka nyuma. Costa ana mdomo, na ndiyo maana tunampenda. "Miezi ishirini na miwili mmekula biskuti zao, mmeleta nini? Vitambi!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Asilimia tatu siyo sifuri, Costa."

"Bei ya mkate imepanda zaidi ya hapo tangu nilipoingia humu ndani! Garth, kaka, kijibwa cha mama mkwe wangu hakina jino hata moja, lakini kinatisha kuliko chama hiki!"

"Wewe ulijitolea lini kukaa mezani? Tulipoomba watu, ulikwenda kuvua samaki!"

"Na nilirudi na samaki! Nyie mmerudi na nini?"

Watu walipiga miguu sakafuni. Wengine walipiga kelele tugome, wengine tuchukue hela twende zetu, na mmoja, sijui nani, aliuliza kama soseji ziko tayari. Damu ilikuwa inanichemka. Sikuwa nimesikia hivyo mwilini tangu mke wangu Glenys afariki. Nikanyoosha mkono.

Wote wakanigeukia. Wanajua mimi si msemaji. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na nne, nikajifunza kuruka nikiswaga ng'ombe kwa kindege cha injini moja, na mitihani ya urubani Glenys ndiye aliyenisomea usiku kwa usiku mpaka ikaingia. Tena walijua habari zangu. Miaka miwili nilikuwa nimezirudia kwa kila mtu, vyumba vya chai vyote kuanzia Cairns mpaka hapa Townsville.

"Haki gani hiyo mnayoililia?" nilisema. "Ni karatasi tu. Mnajua mke wangu alikufaje. Alikuwa hospitali hapa mjini, mimi niko Longreach, nimebakiza kipande kimoja tu cha safari ya kurudi nyumbani. Wakubwa wakapiga simu, nizungukie kwanza Mount Isa nikabebe watu waliokwama. Nimetua saa tatu usiku. Yeye kaondoka saa moja na dakika ishirini. Haki ilikuwa wapi? Chama kilikuwa wapi? Uzeni hiyo haki, tule hela. Mimi nilisema hapana, na wale watu wakani—"

"Simama!"

Ndipo mikono ilipovuta nyuma.

Hilo neno halina mchezo kwetu. Ndege ikiwa inakimbia njiani kabla ya kupaa, yeyote kati ya wawili walio mbele akiliita, unavuta vipini vya injini na unafunga breki. Huulizi kwa nini. Hata akiwa mgeni wa wiki moja, unasimama kwanza, maelezo baadaye. Tumefundishwa mpaka mkono unasikia kabla ya kichwa.

Aliyeita alikuwa Kezia Mosby, rubani msaidizi kutoka visiwa vya Torres. Alikuwa amesimama kando ya dirisha la jiko. Siku ile ya Longreach, kiti cha kulia, kando yangu, alikuwa amekaa yeye.

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa umevuta hadi kifuani.

Kezia aliisikia simu yote. Ilikuwa sauti ya adabu sana: tunakuomba, Kapteni, ukiweza. Kezia alinigeukia akasema, "Kapteni, mwambie hapana. Nenda kwa mama." Nami nikamwambia nyamaza, binti. Nikasema kwenye simu, "Hamna shida."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hamna shida.

Nikawaambia ukumbini. "Sikukataa," nilisema. "Niliombwa, na nikakubali. Miaka thelathini, mtu wa tai akiniomba kitu nasema ndiyo, najiona wa maana. Wanatujua. Wanajua nani atasema ndiyo, humpigia huyo huyo. Nawalaumu mpaka leo. Lakini mlango ulikuwepo, jamani. Ulikuwa wazi, na sikupita."

Sikuwaambia yote. Sikuwaambia kwamba nilikiogopa kile chumba cha hospitali, na kwamba simu ilipolia nilishusha pumzi. Hilo nalisema hapa.

Pellow alikunja karatasi yake mara mbili. "Anayekubali aende upande wa jukwaa," alisema taratibu. "Anayekataa, upande wa jiko."

Viti vikaanza kukwaruza. Costa alikuwa wa kwanza kwenda jikoni, akisema anafuata soseji, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Kisha wawili, kisha safu nzima, kisha kelele, watu wanasukumana kama abiria waliosikia mlango unafungwa. Jiko likajaa mpaka dirisha likafunguliwa wengine wasimame nje kwenye nyasi. Tulikataa, thelathini na tisa kwa kumi na nane. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, mimi, mzee mzima.

Kezia akanipita na sahani. "Samahani, Kapteni."

"Usiniombe samahani."

"Basi kula soseji."

Julai kampuni ilitoa asilimia nne, na haki ikabaki. Costa sasa anasema chama chetu ni simba. Pellow amekwenda kuvua samaki.

Septemba tulikuwa Mount Isa, mimi na Kezia, tumebakiza kipande kimoja cha kurudi Townsville. Simu ikalia. Ile ile sauti ya adabu: kuna watu wamekwama Cloncurry, tunakuomba, Kapteni, ukiweza.

"Hapana," nilisema.

"Una dharura nyumbani, Kapteni?"

"Hapana. Nyumbani sina mtu."

"Sasa...?"

"Sasa nakwenda nyumbani."

Nikakata simu. Nikaweka mkono juu ya vipini. Kezia alichukua orodha ya ukaguzi, akaanza kuisoma kutoka juu.