Kopo la Tatu Kutoka Kushoto

Mke wa mwana alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: usafi. Asubuhi hiyo alilivamia kabati la jikoni la mama mkwe wake, ambalo mafuta yalikuwa yameligandia mpaka vishikio vinanata. Akatoa makopo yote, akasugua rafu kwa maji ya moto na sabuni, akakausha kila pembe mbao zisije zikavimba. Unga wa kuzibulia sinki, ule mkali unaounguza ngozi, mfuko wake ulikuwa umechanika. Akaumimina kwenye kopo tupu. Ulikuwa na chembe nyeupe kama sukari. Kisha akapanga makopo upya yakapendeza, akatoka uani kuanika matambara, roho yake kwatu.

Alikuwa na kibanio mdomoni alipokumbuka.

Mama mkwe hakuwa akiona. Mwaka wa saba huo macho yalikuwa yamegoma, lakini jiko halikumshinda: chumvi kopo la kwanza kutoka kushoto, majani ya chai la pili, sukari la tatu. Na saa hiyo ndiyo aliyozoea kumkorogea mjukuu wake, Kibonge, maziwa ya moto yenye sukari.

La tatu sasa lilikuwa la kuzibulia sinki.

Akasikia kijiko kikigonga kikombe. Akatema kibanio. Akakimbia ndani, akiomba Mungu amchukue yeye, si mtoto.

Kibonge alikuwa mezani, kikombe mdomoni. Mama yake akampokonya, maziwa yakamwagika, mtoto akaangua kilio. Akampanua mdomo, akautazama ulimi.

"Umemeza? Mwanangu, umemeza?"

"Mwache anywe," mama mkwe alisema. "Sijatia kitu, nimeyakoroga tu yapoe."

"Mama, kwenye kopo la sukari..."

"La sukari lina kibonyeo ubavuni. Hili nililoshika halina. Nikaogopa kulifungua."

Mke wa mwana akakaa sakafuni, akaeleza yote. Akangoja kutukanwa, na alijua anastahili.

Hakutukanwa. Mama mkwe alinyoosha mkono kulielekea kabati, akasita, akaurudisha mapajani.

"Kuanzia leo mkorogee wewe," alisema. "Mimi humu jikoni naogopa."