Ng'ombe wa Werema

Kwa siku tatu mawingu yalitanda juu ya kijiji cha Buswahili bila kudondosha tone, na pampu ya sola ikawa inavuta maji kwa kusuasua. Asubuhi ya siku ya nne Dorah, mwendeshaji wa pampu, alipanda ngazi akachungulia ndani ya tenki. Maji yasingemfika magotini. Kamati ya maji ikaamua watu wachote kwanza, mifugo isubiri jua.

Saa nne, foleni ya ndoo ikiwa ndefu, akatokea Werema na ng'ombe thelathini. Werema alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Dorah. Lambo la kunyweshea mifugo lilikuwa limekauka, na ng'ombe wake wawili walikuwa wameanguka njiani asubuhi ile ile.

"Shemeji, fungulia maji kwenye birika la mifugo."

"Leo haiwezekani, shemeji. Hata ya watu hayatoshi."

"Wewe uliolewa kwa ng'ombe wa zizi letu! Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini sifungui."

Fimbo ilimpata shavuni kabla hajageuka. Alianguka kwenye ndoo, akasikia uzio wa paneli za sola ukivunjwa, kisha kioo kikipasuka. Werema alikuwa anapiga paneli kwa jiwe.

"Kama ng'ombe wangu wanakufa, tufe wote!"

Dorah alimkimbilia, akamkamata shati kwa nyuma. Werema akachomoa panga. Pigo la kwanza lilikata mkono wa kushoto wa Dorah, vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. La pili lilikata bomba linalotoka kwenye tenki, maji yakaruka. Ng'ombe waliponusa maji hawakuzuilika tena. Waliingia wote kwa pamoja, wakakanyaga ndoo, wakamkanyaga na mama mmoja mguuni.

Hapo ndipo watu walipookota mawe.

Jiwe la kwanza lilimpata Werema kisogoni. Panga likamtoka. Alipoinama kuliokota, mawe yakaja mengi, akapiga magoti, damu ikimfumba macho.

"Ua! Ua huyo!"

Dorah naye aliokota. Hakusikia maumivu ya mkono. Alichosikia ni hasira tu, tena tamu, na alitaka kuona kichwa kile kikipasuka. Akarusha kwa nguvu zote.

Wakati huo huo bibi mmoja alichomoka kwenye foleni akajitupa juu ya Werema. Alikuwa Rhobi, mama yake Werema, mama mkwe wa Dorah. Jiwe la Dorah lilimpata begani, mfupa ukalia kama kuni kavu.

Watu wakaangusha mawe yao. Ng'ombe tu ndio walioendelea kunywa.

"Mama!" Dorah alipiga kelele. "Mama, sikukuona!"

Wote watatu walipakiwa kwenye pikapu moja kupelekwa hospitali Musoma. Werema alilala sakafuni, taya limevunjika, akijaribu kusema kitu. Dorah aliinama kumsikiliza.

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa," Dorah alijibu. Kisha akalia hadi mjini.

Vidole viwili vya Dorah vilikatwa hospitalini. Siku ya tatu askari alikuja wodini kuandika maelezo, akamuuliza Rhobi nani alimvunja bega.

"Nilianguka," alisema Rhobi. "Ng'ombe walinisukuma."

"Si kweli, afande," Dorah alisema kutoka kitanda cha pili. "Ni mimi."

Rhobi hakumtazama. "Andika nilianguka, baba. Huyu ana homa, hajui anachosema."

Askari aliwatazama wote wawili, akaandika alichoandika, akaondoka.

"Kwa nini, mama?" Dorah aliuliza.

"Mwanangu mmoja nilimzika. Huyu mwingine atafungwa, na ni haki yake. Na wewe wakikuchukua, mimi nitabaki na nani?"

Dorah alishuka kitandani, akamwinua mama mkwe wake kwa mkono mmoja, akamnywesha uji.