Shakwe wa Bwawa la Diwani

Siku ya soko mjini Mutomo, mwaka wa 1979, Kalondu alikuwa akipima ndengu kwa mkebe shakwe walipopita juu ya vibanda. Walikuwa wengi, weupe, na mbawa zao zilidondosha maji. Tone moja lilimwangukia mdomoni. Lilikuwa la chumvi. Akajipangusa, akaendelea kupima.

Bahari iko mbali na Mutomo, lakini mvua ilikuwa imekataa, na mwenye kiu hana nafasi ya kushangaa ndege. Shakwe walitua kwenye bwawa la Diwani Nzioka, wakasongamana mahali pamoja juu ya maji, wakakataa kuondoka.

Bwawa hilo lilichimbwa na mwethya, kina mama wanaosaidiana kazi. Kalondu alibeba udongo wake kwa karai huku binti yake Muthoki akiwa mgongoni. Nzioka alitoa ardhi kwa neno la mdomo, na katika mwethya, kuandikiana ni kama kutukanana. Maji yalipojaa, alizungusha seng'enge akaweka mlinzi. Kina mama wakarudi mtoni kufukua mchanga kutafuta maji.

Muthoki, sasa msichana mkubwa, alikuwa ametoweka mwezi uliopita. Mlinzi, Kivuva, alisema alimwona akipanda basi. Kalondu alimkasirikia binti yake kwa kutoaga, na hasira hiyo ndiyo iliyomwezesha kula.

Jabiri, mwenye duka aliyezaliwa Lamu, alikwenda kuwatazama ndege, akarudi na kofia mkononi.

"Mama Muthoki, kwetu shakwe wakisongamana hivi, watu hutoa mashua. Huwa kuna mtu chini."

Kalondu alifunga ndengu zake, akaenda hadi kwenye seng'enge. Kivuva alipomwona aliketi chini.

"Nilimfukuza tu," alisema. "Alikuwa na debe. Akakimbilia ndani ya maji, matope yakamshika. Sikujua hajui kuogelea."

"Huku nani anajua kuogelea?"

"Diwani aliniambia niseme ni basi."

Kalondu alilia pale pale, kwa sauti, na shakwe wakamwitikia mpaka akamaliza.

Alimwomba Nzioka afungulie maji ili amzike mtoto wake.

"Pole sana, mama," Nzioka alisema, na kweli alionekana kuwa na huruma. "Lakini nikiyamwaga, ng'ombe watakunywa nini?"

Kituoni, askari alimsikiliza vizuri. Kivuva alikuwa amehamia Ikutha kwa shemeji yake. Askari akaeleza kwamba ndege hawezi kuapishwa.

Basi shakwe wakazoeleka. Siku za ibada walipaa, wakatua kwenye paa la kanisa, juu ya kiti cha Nzioka, na maji ya chumvi yakapenya yakamdondokea begani. Alinunua mwavuli. Uchaguzi ulipokaribia, aliomba alama yake iwe ndege, na akapita kwa kura nyingi.

Jioni Kalondu hupita kando ya seng'enge akiwa na debe mgongoni. Shakwe mmoja mdogo huwaacha wenzake, humfuata hadi nyumbani, hupiga mguu mlangoni kutoa vumbi kama alivyofundishwa, kisha huketi kwenye kigoda cha Muthoki. Kalondu humpa uji. Humkemea kwa kuondoka bila kuaga, halafu humwongezea.

Alfajiri huamka kwenda mtoni kufukua mchanga. Maji ya bwawa ni ya ng'ombe.