Fundo la Madumu

Rahma alikuja na kafi. Kutoka Janga mpaka Kisarawe alikaa nyuma ya pikipiki ya mumewe, kafi kalilaza mapajani, bapa moja likichungulia kushoto na jingine kulia, na kila gari lililowapita liliwapigia honi. Hakujali. Kafi lilikuwa la Kitwana, lakini kwa miezi mitatu lilikuwa limelala chini ya godoro, upande anaolalia yeye Rahma.

Sababu yake Janga nzima iliijua. Wakati wa masika Kitwana aliingia mto Ruvu na kayaki yake mpya ya kijani, mtumbwi mwembamba wa plastiki, kutafuta kambale. Ndoano ikanasa kwenye kisiki, akavuta kwa hasira, kayaki ikalala. Sasa kayaki hizi za uvuvi hazina tundu la kuingiza miguu. Unakaa juu yake kama unavyokaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Ikipinduka, unamwagika. Maji yalimkokota Kitwana mpaka matete yalipomhurumia. Tangu siku hiyo kayaki iliegemezwa ukutani, kuku wakataga chini yake, na Rahma akatoa neno: "Baba Firdausi, siku nitakayokuona kwa macho yangu unapinduka na kuinuka mwenyewe, kafi nitakupa. Kabla ya hapo, vua kwenye sufuria."

Ndiyo maana asubuhi hiyo walikuwa wamesimama kando ya bwawa, mbele ya Bi Mwanaamina.

"Shikamoo, Bi Mwanaamina."

"Marahaba, baba. Leo umekuja na askari?"

"Mke wangu huyu."

"Si ndiye huyo huyo askari."

Bi Mwanaamina alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mnene wa haja. Zamani alikuwa mpishi wa kambi ya wageni. Kambi ilipofungwa ziliachwa kayaki mbili. Vijana wakazifanya benchi la kuchezea bao, yeye akaziburuta majini. Hakuna aliyemfundisha. Alipinduka, akapaliwa, akatapika, kesho yake akarudi. Leo hii wavuvi wanatoka Mkuza na Misugusugu kuja kujifunza kwake, wanaume wenye misuli, naye anawazamisha mmoja mmoja huku akiwaulizia hali za watoto.

"Mama Firdausi, tazama," alisema, akakaa juu ya kayaki yake, akapitisha juu ya mapaja mikanda miwili ya mpira wa tairi. "Bila mikanda hii, kayaki inakwenda kwao nawe unakwenda kwenu. Nimefunga fundo la kuvuta. Umeona mkia wake? Nikishindwa kuinuka, navuta mkia, natoka."

Akasema Bismillahi, akajiangusha ubavuni. Tumbo la kayaki likang'aa juani. Rahma alihesabu moja, mbili. Bapa la kafi likachomoza karibu na pua ya kayaki, likafagia juu ya maji kwenda nyuma, taratibu, kama mtu anayenyoosha shuka kitandani. Kayaki ikajigeuza yenyewe, na mwisho kabisa, baada ya kila kitu, kikatoka kichwa, ushungi umemganda. Hata kuhema hakuhema.

"Huyu mama ni samaki," Rahma alinong'ona.

"Samaki hajui kupika ubwabwa," alijibu Bi Mwanaamina, kumbe masikio yake hayakuwa na maji. "Haya, mwanangu, zamu yako. Fundo la kuvuta."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Kitwana, akakaa juu ya kayaki ya pili na kafi la kuazima, akafunga lake.

Kazi yake ilikuwa kubeba maji kwa pikipiki. Madumu manane kwa safari, mengine nyuma, mengine ubavuni, juu ya mchanga na makorongo, na fundo la Kitwana halikuwahi kuangusha dumu hata moja. Vidole vililifunga vyenyewe, huku mwenyewe akimtabasamia mkewe.

Akajiangusha.

Chini maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akafagia kafi, akainua kichwa haraka kutafuta hewa, akazama. Akafagia tena, kichwa tena mbele, akazama tena. Basi, nitoke, aliwaza, akapapasa mkia wa fundo. Hakukuwa na mkia. Palikuwa na fundo la madumu, gumu kama kokwa.

Alipiga tumbo la kayaki kwa kiganja mara tatu, alivyofundishwa. Kitu kikamgonga mkono: pua ya kayaki ya Bi Mwanaamina. Akaing'ang'ania, akaibuka, mapua yote yanachuruzika.

Bi Mwanaamina alilitazama fundo bila kucheka, akatoa kisu, akalikata.

"Wewe ni dumu, baba? Dumu halipumui."

Ufukweni Rahma alishageuka, kafi kifuani, anaelekea kwenye pikipiki.

"Mama Firdausi, ngoja!" Kitwana aliita.

"Nimeshaona!"

"Umeona ujinga wangu tu! Kuinuka bado!"

Akasimama. Hakurudi, lakini alisimama.

Bi Mwanaamina alifunga mkanda mwingine, kwa sauti ya chini akauliza, "Pikipiki yenye madumu ikikulalia mchangani, unaiinua kwa kichwa?"

"Hapana. Nasukuma kwa goti, nyonga inafuata. Kichwa nakiinamisha, la sivyo naanguka nayo."

"Sasa mbona huku unaanza na kichwa?"

Kitwana akavuta mkia kuupima, fundo likafunguka. Akalifunga upya, lile lile la kuvuta. Bismillahi.

Safari hii hakuitafuta hewa. Aliinamia mbele, akatandaza kafi, na bapa lilipoanza kufagia akaiinua ile pikipiki: goti la kulia juu, nyonga ikafuata, shavu limelala majini kama juu ya mto wa kitandani. Kayaki ikaja. Jua likampiga usoni.

"Rudia," Rahma aliita kutoka ufukweni.

Akarudia. Akarudia mara nne, mpaka Bi Mwanaamina akaomba huruma kwa niaba yake.

Rahma aliingia majini na viatu vyake hadi magotini, akashika mkia wa fundo, akavuta. Mkanda ukafunguka kwa mvuto mmoja. Akaufunga tena, akauvuta tena. Ndipo akamwekea mumewe kafi mapajani.

"Tukifika," alisema, "kuku uwahamishe mwenyewe."