Pazia la Bi Tulizo

Siku ile tangu asubuhi nilikuwa nimenuna. Mimi ni mshereheshaji, kula yangu ni mdomo wangu, na harusi ya mtoto wa dada yangu ilikuwa imekaribia, nami koo limevimba, homa imepanda, sauti imeniacha nabaki kutoa upepo kama pampu ya baiskeli. Nikalitukana koo langu kwa mnong'ono, nikaliita msaliti, nikaliambia ningekuwa na uwezo ningeling'oa. Mke wangu Zuwena akacheka, akanifunika shuka. "Baba Rukia, lala. Ugomvi na koo lako utaumalizia jioni." Jua la alasiri lilikuwa bado dirishani usingizi uliponichukua.

Nikajiona katika mji mwekundu wenye joto, na upepo wake ulikuwa wa ajabu: unaingia, unatulia kidogo, unatoka, kisha unaingia tena. Nyumba zilibanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na nje ya kila mlango palikuwa na sahani yenye tonge la kilichopikwa ndani siku hiyo. Mama mmoja mwembamba, amejifunga kanga kiunoni, alikuwa akipita mlango kwa mlango akionja. "Naitwa Hadhari," akasema kabla sijamuuliza. "Hapa kwetu mtu haulizwi anaishi na nani. Anaweka sahani nje, nasi tunaonja, maana mapishi ya wenyeji tunayajua." Akanimegea, nami nikaonja, nikasikia ladha ya nyumbani kabisa, nikafurahi bila sababu.

Tukafika kwa Bi Tulizo, mama wa makamo, mnene, mwenye uso wa kumfanya mgeni avue viatu bila kuambiwa. Alitukaribisha kutoka dirishani, akatupa pole ya njia, akanipa kikombe cha kitu cha moto ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini ila kilinituliza. Nikampenda palepale. Hadhari yeye alichukua tonge la mlangoni, akatafuna mara moja, akaacha. "Bi Tulizo, dada yangu, jikoni kwako kuna nani?" Bi Tulizo akainamisha macho. "Mgeni. Alibisha akasema ametumwa na ndugu zangu, nikamfungulia, mlango wangu haujawahi kumrudisha mtu. Sasa ameshika jiko, kila ninachopika kinatoka na sura yake. Nimeona haya kumwambia aondoke." Nikachungulia, nikamwona huyo mgeni, jina lake Ulafi, amekaa mbele ya mafiga, tumbo limemtangulia, na nyuma yake wamerundikana Ulafi wengine wadogo hadi darini, wakisubiri kuta zipasuke waingie kwa majirani.

Hadhari hakumgombeza. Aliita, wakaja ndugu watatu wameshikana mikono. Akanieleza kwamba hao ndio Wabishaji, na kwamba mlango haumsikii mmoja wao wala wawili, mpaka mikono yote mitatu iuguse pamoja. Nikauliza wanabisha ili iweje. "Ili avunje nyumba yake, na yeye aende nayo," akasema. Hapo nikapaza sauti, maana ndotoni ninayo. "Mama wa watu kosa lake ni kukaribisha mgeni, mnamwua?" Hadhari akaningoja nimalize. "Si adhabu, ndugu yangu. Nyumba hii ikipasuka yenyewe, moto wake utaunguza mtaa, na watoto wa Ulafi watatawanyika. Akiivunja mwenyewe kwa utaratibu, wanaishia humo. Katika mji mmoja nilioujua alikuwepo mwenye nyumba aitwaye Ukaidi, akabishiwa akajifanya kiziwi. Alijenga hadi juu ya vitanda vya jirani zake, na mji ule haupo tena."

Wabishaji wakaweka mikono, wakabisha. Ulafi akaruka, akamziba Bi Tulizo masikio kwa viganja vyake vyenye mafuta. "Usiwasikilize, bibi. Mimi nitakutunza, hutakufa kamwe." Moyo wangu ukasema asifungue. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akitwanga, na kila pigo la mchi lilitikisa kidogo vikombe vya Bi Tulizo rafuni. Bi Tulizo alivitazama vikitikisika. Kisha akaitoa mikono ya Ulafi masikioni mwake taratibu, kama unavyotoa mikono ya mtoto aliyekulalia. "Nimesikia," akasema.

Kumbe katika kila nyumba ya mji ule, tangu siku ya kujengwa, mikasi hutundikwa ukutani ndani ya ala. Mkasi wa kwanza ukatoka, ukakata ala ya wa pili, wa pili ukakata za mingine, ikashuka pamoja ikakata boriti, vyungu, na Ulafi na watoto wake wote, bila kelele. Bi Tulizo alikuwa akikusanya vipande na kuvifunga vifurushi vidogo, akikaza kila fundo ili kisimwagike kitu uchochoroni. Mwisho akageuza pazia la mlango, maua ya ndani yakawa nje. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kuwaita Wazoaji, wasafishaji wa mji, maana palepale walifika na makapu yao, wakasalimu kwa adabu, wakaanza kubeba. Mimi nilikuwa nalia. Bi Tulizo akaniona. "Nyamaza, mwanangu. Kupokea watu nilijua, na kuaga najua. Ila ulivyotutukana asubuhi, tulikusikia." Akaingia kapuni mwao na kifurushi cha mwisho.

Nikaamka shuka imelowa jasho na homa imeshuka. Upepo ule ulikuwa bado unaingia na kutoka, nikatambua ni pumzi yangu, nikajua nilikuwa nimetembea ndani ya koo langu mwenyewe. Nikaona aibu, na juu ya aibu nikaona furaha kubwa, kwamba wakati mimi nanuna kitandani akina Bi Tulizo wengi walikuwa wakigeuza mapazia yao. Zuwena akaja na uji. "Haya, jaribu sauti." Nikajaribu, ikatoka, imekwaruza lakini ni yangu: "Asante, Bi Tulizo."

Zuwena akaweka bakuli chini. "Bi Tulizo ndiye nani?"

Nikalishika koo langu kwa kiganja, polepole. "Alikuwa jirani," nikamwambia. "Amehama leo, ili mimi na wewe tupate kuzungumza."