Nafasi ya Bi Haluma Haiko Wazi

Jumanne ya kwanza baada ya kisomo cha arobaini, Najia alikwenda zahanati ya Ain Zarzura kuchukua koti jeupe la marehemu bibi yake. Hakulipata. Bibi yake alikuwa amelivaa.

Bi Haluma alisimama penye dirisha akijaza dawa kwenye bomba la sindano, na kina mama tisa walikuwa wamepanga foleni na watoto wao, kama Jumanne zote. Wa mbele alikuwa Wasila, mke wa mwoka mikate.

"Mikono yako ya baridi leo, Bi Haluma."

"Nilikotoka hawawashi moto. Mgeuze mtoto."

Mtoto akadungwa, akalia, akanyamaza. Wasila akamfunika, akaenda zake.

Najia alisubiri foleni iishe. "Bibi, tulikuzika."

"Najua, nilikuwepo. Na kuskusi ya arobaini ilizidi chumvi. Nani alipika?"

"Mimi."

"Nilijua tu."

Miaka arobaini na mmoja Bi Haluma alikiuguza kijiji hicho cha milima ya Tunisia. Alipanda na boksi la chanjo kwenye theluji. Punda akigoma, alimwacha hapo hapo na kuendelea. Hapakuwa na mtu mzima asiye na kovu la sindano yake, na harusini alizoea kumkumbusha bwana harusi, mbele ya wakwe, jinsi alivyojificha uvunguni akiikimbia. Alipostaafu, ofisi ya afya ya mkoa iliahidi kuleta mwingine. Akasema atashikilia kwa kujitolea, wiki mbili tatu hivi. Akashikilia miaka kumi na mitatu. Moyo wake ulisimama akimfunga mzee mmoja bendeji. Bendeji aliimaliza.

Sasa Najia alitaka jambo moja tu: bibi yake alale. Kila alasiri alimtazama akirudi makaburini, kashika kiuno, akipumzika mara mbili kwenye mteremko. Alipokuwa hai, alipumzika mara moja. Basi Najia akaiandikia ofisi barua, na baada ya miezi miwili akaja mkaguzi, Bwana Lasaadi, akihema.

Bi Haluma alimkalisha, akampima presha kabla hajafungua mkoba.

"Mia na sabini. Punguza pilipili ya harisa, mwanangu, la sivyo tutakuwa majirani."

Mkaguzi akacheka, akashusha mkono wa shati, akaandika kwenye fomu: *Nafasi imejazwa.*

"Lakini bwana, huyu ni marehemu," akasema Najia.

"Naona, dada. Mungu amrehemu. Ila kazini anakuja. Huko kijiji cha pili nina muuguzi aliye hai, na haji kazini, mgongo unamuuma tangu Ramadhani. Ungekuwa mimi, ungeanza kupeleka mtu wapi?"

"Najia, usituharibie!" Wasila akadakia kutoka kwenye foleni. "Huyo mgeni atajua kudunga kama bibi yako? Mwache mama wa watu afanye kazi."

Kina mama wote wakaitikia. Walimpenda sana, kila mmoja kwa nafsi yake. Bwana Lasaadi akapiga mhuri, akapewa chai ya nanaa, akashuka mlima.

Ijumaa Najia akapanda makaburini kama ilivyo desturi, akamwagia kaburi maji, akasoma Fatiha. Kisha akafumba macho.

"Ee Mungu, mpumzishe bibi yangu."

"Amina," akasema Bi Haluma. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi lake, viatu kavua, viganja kavifungua juu, na aliitamka kama mtu anayeomba kweli kweli.

Kule chini, penye mlango wa zahanati, mwanamke alikuwa akipunga kitambaa, mtoto begani.

Bi Haluma akatafuta viatu vyake kwa miguu. "Nishike mkono, mwanangu," akasema. "Magoti yananisumbua."

Najia akampa bega, akamwinua.