Kifurushi cha Mbalamwezi

Saa saba mchana, siku moja kabla ya mbalamwezi, seva ilinikatalia kwa mara ya sita: kifurushi "mbalamwezi" hakipatikani. Nikaigombeza kama mtu. Kwenye laptopu yangu hapa Ujiji kila kitu kinafanya kazi, sasa yenyewe inataka nini?

Programu zetu za mtandaoni ni mbili, zinakaa kwenye folda moja kubwa. "Soko" huwaambia wanunuzi kama kesho dagaa watakuwepo ufukweni Katonga. "Boti" huwapa abiria wa Mwamgongo saa za kuondoka. Zote huchota siku za mbalamwezi kutoka kifurushi kimoja cha msimbo tulichokiandika wenyewe, maana mwezi uking'aa taa za wavuvi hazivuti dagaa. Wavuvi hupumzika, wengi hurudi kwao, boti huongeza safari. Sasa tumehama seva, na nisipopandisha Soko kwenye seva mpya leo, kesho akina mama wa Kidahwe watalipa nauli kuja kutazama mchanga mtupu.

Kifurushi kile tulikiandika barazani kwa Mama Semeni, aliyeuza dagaa Katonga miaka thelathini, mamake Gaudensi niliyeanza naye kazi hii. Yeye anataja siku, mimi naandika, Gaudensi anahakiki. Hakuna kugusa laptopu kabla ya kula. Nakumbuka mawese kwenye kibodi na kicheko cha mama huyo, na sijawahi tena kuipenda kazi namna ile. Mama Semeni tulimzika mwaka juzi. Gaudensi yuko Dodoma, na mimi nilishaapa sitampigia kwa shida ya kazi, nisionekane siwezi peke yangu.

Basi hasira zikanituma nifute kifurushi, tarehe niziandike kwa mkono ndani ya Soko. Nikakifungua ili ninakili. Nikaikuta sentensi ambayo Mama Semeni alitaka isomeke kwenye programu siku za mbalamwezi, akatukataza kubadilisha hata nukta: "Leo ziwa limelala. Na nyie laleni, wanangu. Mama Semeni." Sikukifuta. Nikampigia Gaudensi.

"Umetuma folda gani?" akauliza.

"Ya Soko."

"Asnath! Umetuma Soko, kifurushi umekiacha Ujiji. Kwenye laptopu yako vimekaa jirani, ndiyo maana vinaonana. Tuma folda kubwa nzima, halafu iambie seva ijenge Soko."

"Mbona hukunionyesha zamani?"

"Kila nilipopandisha, wewe ulikuwa bado unakula kwa mama."

Tukacheka. Nikatuma folda nzima. Soko ikapanda mara moja.

Asubuhi yake akapiga simu Winfrida wa Kidahwe, aliyenunua dagaa kwa Mama Semeni tangu usichana wake. Nikajua kuna kilichoharibika.

"Dada, leo hatuji," akasema. "Nimewasomea wenzangu ujumbe wa Soko. Mama katwambia tulale."

Nikamjibu sawa, laleni. Nilipokata simu nililia, na sikuona haya.